Stafeli, Sahani na Shangazi

Siku hizi dawa ya miti haitembei peke yake. Mwaka 2011, watu walipopiga foleni ya magari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za Tanzania, mchungaji yule mstaafu hakuonyesha karatasi yoyote. Alisema ameoteshwa na Mungu, na hiyo ilitosha. Hata Wakenya walivuka mpaka. Muuzaji wa leo hasemi ameota. Ana namba ya WhatsApp, ana stika yenye nembo ya jani la kijani, na ana kitu ambacho Babu hakukihitaji: utafiti. "Imethibitishwa na wanasayansi." Ukimbana kidogo anakutumia faili. Ukilifungua, kweli ni utafiti. Umeandikwa na watu wenye shahada zao, umechapishwa kwenye jarida, una majedwali na grafu. Hajakudanganya. Na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Mafaili ya aina hiyo nimeyasoma mengi kuliko watu wengi wa rika langu. Nilisomea baiokemia hadi mwaka wa tatu, karo ikaisha kabla shahada haijafika, nikatoka na nusu ya elimu na deni zima. Sasa naishi kwa vibarua vya kuandika: maelezo ya viatu, makala za kampuni za mikopo, chochote kitakacholipa kodi ya nyumba Roysambu. Lakini kwetu Kwale mimi bado ni "yule aliyesomea mambo ya dawa". Nilipoacha chuo hakuna aliyenivua cheo hicho. Ndugu akipewa cheti cha maabara asichokielewa, kinanifikia kwa simu, kimepigwa picha juu ya kitambaa cha meza.

Ndivyo kilivyonifikia cha Shangazi. Saratani ya titi. Barua ya hospitali ilimtaka aanze kemo ndani ya wiki mbili. Nilipoangalia tarehe, wiki tano zilikuwa zimeshapita. Nikapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ushaiona ile karatasi?"

"Nimeiona. Mbona hujaenda?"

"N'taenda. Nataka nimalize hii dozi kwanza. Ya mstafeli. Wasema yashinda kemo mara elfu kumi. Na si maneno ya mganga, mwanangu, ni ya wazungu."

Alikuwa akichemsha majani asubuhi na jioni, na juu yake akinunua unga wa mkebe kwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Nilimwomba anitumie alichotumiwa na muuzaji. Alinitumia picha ya tunda la stafeli lililopasuliwa, maandishi mekundu, na faili moja. Wiki hiyohiyo, na hii ndiyo Nairobi, mteja mwingine kabisa aliniomba makala tano kuhusu majani ya mstafeli. Kila makala shilingi 800. Maelekezo yake yalikuwa mstari mmoja: andika kisayansi, watu wanapenda sayansi.

Basi nikaketi na sayansi yenyewe.

Hiyo "mara elfu kumi" haikutoka hewani. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kemikali mpya walizozipata kwenye mstafeli. Moja kati yake, walipoijaribu kwenye seli za saratani ya utumbo mpana, ilikuwa na nguvu mara 10,000 kuliko doksorubisini, dawa ya kemo inayojulikana pia kama Adriamycin. Namba ni ya kweli. Ila hebu tuitazame vizuri. Ilikuwa kemikali moja iliyosafishwa, si majani yaliyochemshwa. Ilitoka kwenye mbegu, zile tunazotema tukila stafeli. Zilikuwa seli za utumbo, si za titi. Na seli zenyewe hazikuwa ndani ya mtu. Zilikuwa kwenye sahani.

Sahani hiyo naijua. Kabla sijaondoka chuo nilikuwa namsaidia mwanafunzi mmoja wa uzamili kwenye maabara. Ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina vishimo 96. Kila kishimo unakitia seli za saratani na tone la chakula chake. Kisha unaongeza mchujo wa mmea wako, kidogo hapa, zaidi pale, unasubiri siku mbili au tatu. Mwishowe unatia rangi ya njano. Seli zilizo hai huigeuza kuwa zambarau, zilizokufa haziigeuzi. Kishimo kikibaki na njano, mchujo wako umeua, na wewe una kitu cha kuandika kwenye tasnifu.

Kuua seli kwenye sahani si kazi kubwa. Maji ya bahari ya Diani yataziua, kwa chumvi tu. Sabuni itaziua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe itaziua kabla hujafunga mlango wa maabara. Jaribio hili si ovu, ni mlango wa kwanza, na dawa nyingi za kweli zilipitia hapo. Lakini sahani haina ini la kuivunja kemikali hiyo kabla haijafika. Haina utumbo wa kuikataa. Haina moyo, figo wala mishipa ya fahamu inayoweza kuumia kabla saratani haijaumia. Sahani haina shangazi.

Halafu kuna hesabu, ambayo matangazo huiruka. Tuseme mchujo fulani unaua nusu ya seli ukifika mikrogramu 20 kwa kila mililita, matokeo ambayo mwanafunzi yeyote angeyafurahia. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ili damu hiyo peke yake ifikie kiwango kile, inahitaji miligramu 100 za mchujo zikiwa zimeshaingia ndani, zote, na zibaki humo kwa siku mbili au tatu kama zilivyobaki kwenye kishimo. Lakini unachokunywa hakiingii chote kwenye damu. Kingine kinatoka ulikojua kitatoka, kingine kinavunjwa na ini, kilichobaki kinasambaa mwili mzima. Glasi ya majani yaliyochemshwa ina kiasi gani? Inategemea mti, msimu, sufuria na mkono wa aliyechemsha. Hiyo si dozi. Hiyo ni bahati.

Neno la pili kwenye faili la Shangazi lilikuwa "antioksidanti". Hili nalo lina historia ya kuvutia. Mwili ukitumia oksijeni huzalisha chembe korofi, radikali huru, zinazoweza kuharibu seli na DNA. Antioksidanti ni kitu kinachozituliza. Kuipima ni rahisi kiasi kwamba hata mimi, wa mwaka wa pili, niliifanya kwa majani ya mwarobaini. Unachukua kemikali inayoitwa DPPH, ambayo ni radikali yenyewe iliyotulia kwenye chupa, rangi yake zambarau iliyokolea. Unatia mchujo wako. Ukiona zambarau inafifia hadi njano, umefaulu. Nilifaulu. Tatizo ni kwamba karibu kila jani linafaulu. Chai ya rangi inafaulu. Kahawa inafaulu. Ukisikia mmea fulani "una antioksidanti nyingi", umeambiwa tu kwamba ni mmea.

Kutoka kwenye chupa ile hadi kwenye "huzuia kansa" kuna bonde refu, na kuna watu walijaribu kulivuka. Finland, watafiti waliwachukua wanaume 29,133 wavutaji sigara, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ile ya karoti, wengine wakapewa vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Marekani kulikuwa na jaribio kama hilo, watu zaidi ya 18,000. Mwaka 1996 walilisimamisha kabla ya wakati wake kwa sababu madhara yalielekea upande uleule. Karoti haikugeuka kuwa adui, kula karoti zako. Ila kilichofanya vizuri kwenye chupa kilifanya kinyume ndani ya watu hawa, na bila kuwahesabu watu mmoja mmoja hakuna ambaye angejua.

Kwa Shangazi jambo hili lilikuwa na makali zaidi. Dawa ya kwanza kwenye mpango wake wa matibabu ilikuwa doksorubisini, ileile iliyoshindwa mara elfu kumi na mbegu kwenye sahani. Dawa hii hushambulia DNA ya seli, na sehemu ya ukali wake hutokana na radikali hizohizo ambazo antioksidanti huzituliza. Ndiyo maana madaktari wengi wa saratani huwaomba wagonjwa waache vidonge na michujo ya antioksidanti wakiwa kwenye kemo. Na mstafeli wenyewe una kemikali inayoitwa anonasini, ambayo ni sumu kwa seli za neva. Mwaka 1999, watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, waliripoti wagonjwa wengi wa ugonjwa unaofanana na Parkinson, usioitikia dawa za kawaida, na wakaona uhusiano na utumiaji wa matunda na chai za jamii ya mstafeli. Stafeli moja baada ya futari si hoja hapa. Hoja ni glasi mbili za majani kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwa mtu ambaye tayari mwili wake uko vitani.

Ningeweza kuishia hapo, nikawa mwandishi mwingine anayecheka dawa za miti. Lakini hadithi nzima haiko hivyo, na nyumbani kwa Shangazi haiwezi kuwa hivyo, maana ukikaa barazani kwake unaviona vilima vya Shimba.

Miaka ya sitini, wakusanyaji wa Kimarekani walichukua mimea ya jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Mwaka 1972 kundi la Morris Kupchan likatangaza kemikali kali mno iliyotoka humo, wakaiita maytansini. Ilihitajika nyingi zaidi, na miaka hiyo ya sabini zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Waliporudi miaka michache baadaye kutafuta nyingine, mimea ilikuwa haijachipuka vya kutosha. Na dawa yenyewe ilifeli. Kwa wagonjwa, maytansini iliwaumiza kuliko ilivyowatibu, majaribio yakasitishwa. Ilikaa kabatini miaka mingi hadi watafiti walipopata njia ya kuifunga ndugu yake mmoja kwenye kingamwili inayozitafuta seli za aina fulani ya saratani ya titi, ili sumu ifunguke ndani ya seli hizo badala ya kumwagika mwili mzima. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Sumu iliyovunwa kwenye vilima vyetu kwa tani ilikuwa imekuwa dawa, baada ya miaka arobaini, na kwa kipimo kidogo mno.

Saratani ya Shangazi si ya aina hiyo. Cheti chake kilisema wazi, na sikutaka kumpa tumaini lisilo lake. Lakini dawa yake ya mwisho kwenye orodha ilikuwa paklitakseli. Hiyo asili yake ni magome ya mti fulani mfupi wa pwani ya magharibi ya Marekani. Mtaalamu wa mimea aliyabandua magome hayo mwaka 1962. Umbo la kemikali yake lilijulikana 1971. Namna inavyoishika seli isigawanyike ilielezwa 1979. Idhini ya kwanza, kwa saratani ya ovari, ilitoka 1992. Miaka thelathini, gome hadi chupa. Na doksorubisini je? Hiyo ilitoka kwa bakteria wa udongo uliochotwa Italia. Jina Adriamycin limetokana na bahari ya Adriatiki iliyo karibu na hapo.

Nilimweleza haya yote kwa simu, jioni moja, bando ikiishia polepole. Alinyamaza muda.

"Kumbe nao watumia miti."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mbona hawakusema?"

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Hospitali ilimpa dakika saba. Aliniambia alizihesabu kwenye saa ya ukutani kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Daktari alizungumza Kiingereza na muuguzi, kisha Kiswahili na yeye, na ile ya Kiswahili ilikuwa fupi zaidi. Alitoka na barua, orodha ya vipimo na bei. Muuza unga alimpigia simu mara tatu. Alimuuliza kama amekula. Alimuuliza titi linauma upande gani, usiku au mchana, na alisubiri jibu. Ukiniambia mama mwenye umri wa miaka hamsini na nane alimwamini yupi, sitashangaa, na sitamwita mjinga.

Watafiti wetu nao wana lao. Vyuo vya Kenya hutoa tafiti nyingi za mimea, na nyingi ni kazi safi iliyofanywa kwa vifaa vichache. Wapo wanaochunguza mimea ambayo bila wao ingeondoka na wazee wanaoijua. Karibu zote humalizia kwa sentensi ileile: tafiti zaidi zinahitajika ili kubaini usalama na ufanisi kwa binadamu. Sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa muuzaji anapotengeneza tangazo. Na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, ukurasa wa tisa, Shangazi hawezi kujua kwamba imekatwa. Kama kuna kazi ambayo mtu mwenye nusu ya baiokemia na kompyuta ya mtumba anaweza kuifanya, ni kuirudisha sentensi hiyo, kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza.

Nilimwandikia mteja wangu makala moja ya mfano. Niliweka Purdue, nikaweka mbegu, nikaweka sahani, nikaweka Guadeloupe. Alijibu baada ya siku mbili: "Hii ni nzuri lakini haiuzi." Shilingi 4,000 zikaenda kwa mwingine, na makala zake tano ziko mtandaoni sasa hivi. Nimezisoma. Zimeandikwa vizuri.

Kwa hiyo hapa bure, kwa yeyote ambaye ndugu zake humtumia picha za vyeti, ni maswali matatu niliyompa Shangazi. La kwanza: ilijaribiwa kwenye sahani, kwa panya, au kwa watu? La pili: kwa kipimo gani, na kipimo hicho kiko vipi kwenye hiki unachoniuzia? La tatu: waliopewa walilinganishwa na nani? Huhitaji shahada kuyauliza. Na la nne ni la kumuuliza daktari, si muuzaji: hiki ninachokunywa nyumbani kitagombana na dawa yako? Muulize hata akiwa na haraka. Mwambie ukweli hata kama unaona haya, maana asichokijua hawezi kukukinga nacho.

Shangazi alianza kemo wiki ya saba. Si mimi niliyemshawishi peke yangu. Binamu yangu alichukua likizo, mzee wa msikiti akachangisha nauli, na muuguzi mmoja alikaa naye kitandani akamchorea titi kwenye bahasha. Ameshamaliza duru nne za ile dawa nyekundu. Nywele zimeondoka, kucha zimekuwa nyeusi, ladha ya samaki imempotea. Sasa yuko kwenye paklitakseli, kila wiki. Anaiita "ya magome". Wiki hizi tano zilizopotea hakuna anayeweza kuniambia zilimgharimu nini, na yeye haulizi. Picha za kuangalia uvimbe ni mwezi ujao.

Muuza unga alimpigia tena Jumapili iliyopita, kumjulia hali na kumwambia mzigo mpya umefika. Shangazi alimshukuru, akamuuliza kama amekula, kisha akamuuliza swali la kwanza. Sahani, panya, au watu?

"Ngoja nimuulize bosi," akasema.

Tunangoja.